Mabeki Waliokuwa Wanaelewana

Nchi ninayotaka kukusimulia haipo, na kama ipo basi siyo hiyo uliyokwisha kuifikiria, kwa hiyo tuliza moyo wako usome. Inaitwa Jamhuri ya Tulieni. Wataalamu wa historia wa huko wanasema jina hilo lilianza kama amri, likatamkwa mara nyingi mpaka likazoeleka, na watoto wakazaliwa wakalikuta. Mtawala wake haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mlezi, maana raia wote ni wanawe, na hakuna mtoto aliyewahi kumpigia kura baba yake. Watu wa Tulieni wanaishi kwa amani kabisa. Ukiwauliza wanakujibu hivyo hivyo, haraka haraka, hata kabla hujamaliza swali.

Balaa lenyewe lilianzia kwenye mpira.

Siku hiyo timu ya taifa ilikuwa inacheza na majirani wa ng'ambo ya mto. Mlezi hakuwa mtu wa mpira. Alikuwa amejinyoosha barazani anakandwa miguu, redio inaunguruma pembeni, usingizi unamnyemelea. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye koo zuri, maskini wa Mungu, asiye na jambo jingine kichwani ila mpira. Goli la kwanza lilipoingia akapaza sauti: "Tulieni tumefungwa!" La pili: "Jamani, tumefungwa tena!" La tatu likamtoa machozi kabisa, akasahau kwamba yuko kwenye redio ya serikali, akalia: "Ndugu wasikilizaji, sisi Watulieni tutafungwa mpaka lini?"

Mlezi akakurupuka. Tangu ashike nchi hakuna aliyethubutu kuuliza swali hilo hata chooni, sembuse hewani. Akataka kujua nani amevujisha siri. Wasaidizi wake wakajaribu kueleza kwamba huku ni kufungwa kwa wavuni, si kule kwingine. Mlezi akawatazama mmoja mmoja, maelezo yakawakaukia mdomoni. Mtangazaji akaambiwa atoke kidogo akanywe maji, na mpaka leo hajamaliza kuyanywa. Mkewe anaambiwa asubiri.

Kesho yake neno lile likapigwa marufuku. Timu ya taifa ya Tulieni haifungwi, inatembelewa. Mlango unarudishwa. Maduka yanalala. Wachumba wanaoana bila kufunga chochote, na mwezi wa Ramadhani waumini wanakaa tu bila kula. Watu wakazoea upesi, maana kwa kuzoea Watulieni hawana mpinzani.

Na wale mabeki wawili wa kati, waliotembelewa mara tatu, walichukuliwa uwanjani jezi zikiwa bado zinachuruzika jasho, wakapelekwa mahali panapoitwa Kambi ya Tafakuri. Mimi niko mbali na mdomo ni wangu, kwa hiyo nitasema: walifungwa.

*

Mmoja wa mabeki hao alikuwa Hatibu, mtoto wa dada yake Kocha Pazi. Mwingine aliitwa Mkomwa, na hakuwa ndugu yao, ila alikulia uani kwao akila sinia moja na Hatibu. Kocha Pazi ndiye aliyewafundisha wote wawili tangu enzi za chandimu, wakicheza pekupeku kwa mpira wa matambara. Ndiye aliyewavusha mpaka timu ya taifa. Ndiye pia, siku ile, aliyewapanga.

Dada yake, Bi Tausi, hakumgombeza. Laiti angemgombeza! Alikuwa anamkaribisha, anampa chai, anakaa mbele yake, kisha anasema neno lile lile kila akija.

"Kaka, ulimpanga wewe. Mtoe wewe."

Kocha anajibu, "Nitamtoa, dada," chai inampalia.

Sasa ikaja mechi ya marudiano. Na jambo baya zaidi likatokea: Mlezi akaanza kupenda mpira. Akaelezwa kwamba magoli huingia kwa sababu ya mabeki wabovu wa kati, naye akatoa agizo kwamba safari hii itafutwe jozi bora kuliko zote nchini, na kwamba timu ikitembelewa tena, hata mara moja, jozi hiyo na walioichagua watapata nafasi ya kutafakari pamoja.

Ukatangazwa mchujo. Ee bwana! Nchi iliyokuwa inasifika kwa mabeki ikajikuta haina hata beki mmoja. Waliokuwa wanaruka vichwa mpaka wanaparamia milingoti walikuja wanachechemea. Jitu moja lenye kimo cha mlango liliapa kwamba tangu lizaliwe ni winga wa kushoto. Jingine lilikuja na mama yake mzazi, naye akamwambia Kocha, "Baba, mwanangu jicho moja halioni, na lile jingine linaona kwa kubahatisha." Kocha akampa pole mama, akamwandikia kijana ruhusa ya kurudi nyumbani.

Mtu mwingine angekata tamaa. Kocha Pazi alirudi kwake anatembea kwa madaha. Ikiwa nchi nzima haina mabeki wa kati, basi waliobaki ni wawili tu, na hao wako ndani. Wakichaguliwa, lazima watoke. Alikuwa hajapata usingizi mzuri tangu siku ile, na siku hiyo mchana akalala kochini mpaka akakoroma.

*

Kamati ya Kitaifa ya Jozi ilikutana katika ukumbi wenye mapazia mazito. Hakuna mjumbe aliyewahi kupiga mpira. Teke pekee walilolijua ni la kumfukuza kuku. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Michezo na Utulivu, Mheshimiwa Dokta Ubwa, mtu mwenye sauti nzito na tai fupi.

"Ndugu wajumbe," alianza, "suala la beki wa kati ni suala mtambuka. Halihitaji miguu, linahitaji mchakato. Tunataka beki anayetokana na wadau, anayekwenda na dira, anayetazama mustakabali. Beki wa namna hiyo hata mpira wenyewe utamheshimu."

Makofi yakapigwa. Mjumbe mmoja kutoka Chama akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mwongozo. Ninavyofahamu mimi, katikati ya nchi hii yupo mtu mmoja tu. Sasa hawa wawili wa kati ni kati ya nani?"

Ukumbi ukatetemeka. Waziri akafungua kola. Walijadili jambo hilo mpaka chai ikaletwa, sambusa zikaliwa, na kamati ikaazimia kwamba wachezaji hao watajulikana kama mabeki wa karibu na kati, kwa idhini.

Ndipo Kocha Pazi alipopewa nafasi. Akasimama. Kwenye kona, karibu na pazia, alikuwa amekaa Kanali Mwinchande anakula njugu, moja moja, bila haraka. Huyu ndiye mkuu wa Idara ya Usikivu, ile yenye sikio katika kila chumba cha Tulieni. Hajawahi kumfokea mtu. Watu walikuwa wanamwogopa kwa sababu hiyo hiyo.

"Mheshimiwa," Kocha akasema, "jozi ipo. Hatibu na Mkomwa."

Miguno ikapita. Mtu akakohoa.

"Naomba mnisikilize, wakubwa zangu. Siku ile walitembelewa kwa sababu kipa wetu alikuwa ni mkwe wa mtu fulani." Hapo wajumbe wote wakatazama dari. "Lakini ubora wa mabeki wa kati hauko kwenye urefu wala ubavu. Uko kwenye maelewano. Na hawa vijana wanaelewana, wallahi, wanaelewana bila kusema neno! Mmoja akipanda, mwenzake anabaki. Mmoja akivutwa pembeni, mwenzake kishaziba. Hawaitani, hawaonyeshani kidole. Ni macho tu! Wako hivyo tangu wadogo, na hakuna mshambuliaji duniani anayejua wanaambiana nini."

Alikuwa anasema wanayoyasema makocha wote wa dunia hii, asubuhi na jioni, wala hakuna aliyewahi kudhurika. Machozi yalikuwa yanamlenga kwa jinsi anavyowapenda wale vijana. Hakuona kwamba kule kwenye kona njugu zimeacha kutafunwa.

"Rudia hapo," akasema Kanali.

"Wapi, afande?"

"Hapo pa bila kusema."

Kocha akarudia, sauti ikipungua.

Kanali akakung'uta maganda kwenye suruali. Akaongea taratibu, karibu kwa huruma. "Unajua, Kocha, chumba walichomo vijana hao tumekisikiliza tangu walipoingia. Hatujasikia kitu. Hata kunong'ona. Mimi nikamwambia Mlezi, vijana wametubu, wametulia, pengine mwisho wa mwaka tuwaachie." Akamtazama Kocha. "Kumbe muda wote walikuwa wanaongea."



"Afande, nilikuwa nasema habari za mpira tu..."

"Nami nauliza habari za mpira. Wewe, wakitazamana hivyo, unawaelewa?"

Swali hilo halikuwa na jibu lenye usalama. Kocha akasema yeye ni kocha tu. Kanali akauliza nani aliyewafundisha, na Kocha akajikuta anayatazama mazulia.

"Mimi sipingi," Kanali akamaliza. "Waletwe uwanjani, tuwaone. Kama kweli wanaelewana, tutajua."

Waziri akadhani huo ni ushindi, akapiga makofi kwa nguvu, wajumbe wakamfuata. Katika ukumbi mzima Kocha Pazi peke yake ndiye aliyeelewa kilichosemwa. Akakaa.

Alipopita kwa dada yake alimwambia kwamba Hatibu analetwa uwanjani. Bi Tausi akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia, akaenda kuchinja jogoo wake wa pekee, akaimba huku ananyonyoa. Kocha akabaki mlangoni na yale mengine kifuani mwake. Hakuweza kumwambia, na alijichukia kwa hilo.

*

Uwanja wa taifa ulikuwa mtupu, isipokuwa kamati chini ya turubai. Kanali alikuja akakaa kiti cha pembeni ya Kocha, akamkaribisha njugu.

"Leo hatutaki kelele za maelekezo," akamwambia. "Usiseme kitu. Tazama tu."

Wapinzani walikuwa vijana wa mgambo, watu wa kufukuzana na wauza karanga, ambao mpira wenyewe waliuogopa kidogo. Wale wawili wakaletwa kwa karandinga la magereza. Walikuwa wamenyolewa vipara, wamevaa jezi zile zile za siku ile, ila jezi sasa zilikuwa zimewapwaya. Kocha aliwajua kwa mabega tu. Alitaka kuinuka, kiganja cha Kanali kikatua gotini kwake, kwa upole kabisa.

Akaanza kupiga hesabu moyoni. Wakicheza vizuri, wamethibitisha: ni watu wawili wenye lugha isiyosikika, na watu wa namna hiyo hawatoki tena Tulieni. Wakicheza vibaya, ni mabeki wabovu basi, kama wabovu wengine wote. Watarudishwa ndani, watasahauliwa, na mwisho wa mwaka mtu atachoka kuwalisha awaachie. Mungu nisamehe, akasema kimoyomoyo, maisha yangu yote nimemfundisha mtoto huyu kucheza, na leo nakuomba acheze ovyo.

Hatibu akageuka kule kwenye turubai. Kocha Pazi akayatoa macho yake yote. Akatikisa kichwa, kidogo sana, kama anayefukuza nzi. Akafumba, akafumbua. *Usicheze. Mwanangu, usicheze.* Hatibu akasimama pale pale anamtazama, anamtazama kwa muda mrefu, uso umekunjamana. Kisha akageuka.

Filimbi ikapulizwa. Krosi ya kwanza ilikuwa ya kitoto, mpira umepaa juu unaelea. Hatibu aliruka umeshapita. Mkomwa alikuja kuziba, akamgonga mwenzake, wote wakaenda chini, na mgambo mmoja akausukuma mpira wavuni kwa goti, mwenyewe akashangaa.

Furaha iliyompanda Kocha haisemeki. Kanielewa! Mtoto wa dada yangu, damu yangu, kanielewa!

Ikawa hivyo mpaka mwisho. Hatibu akienda kulia, Mkomwa naye kulia, kushoto kukabaki wazi kama sebule. Wakipanda kuweka mtego wa kuotea, wanapanda wamechelewa, tena wote pamoja. Walitembelewa na kila mtu, mpaka kipa wa mgambo akaja naye akatembelea. Kocha aliuma midomo, lakini machozi ya furaha yalikuwa yanamtiririka na alikuwa hana habari.

"Kocha," akasema Kanali.

"Naam, afande. Umeona! Ni wabovu. Nilikosea, ni wabovu kabisa."

"Mimi sikutazama mpira. Nilikuwa nakutazama wewe." Akamenya njugu. "Timu yako inatembelewa na wapiga filimbi wa sokoni, nawe unatabasamu. Mabeki bora kuliko wote nchini, maneno yako mwenyewe, wanaharibu kwa pamoja, upande mmoja, wakati mmoja. Nani amewaambia?"

"Hakuna mtu aliyesema neno, afande! Hakuna hata mmoja!"

"Ndiyo," akasema Kanali. "Hilo ndilo ninalolisema na mimi."

Waziri akaitwa kwenye kipaza sauti. Akatangaza kwa niaba ya Mlezi kwamba, baada ya mchakato shirikishi, jozi bora ya taifa imepatikana: maofisa wawili wa Idara ya Usikivu ambao hawajasemeshana tangu wagombee cheo kimoja, na kila mmoja amepewa kazi maalumu ya kumchunga mwenzake uwanjani. "Ni jozi isiyoelewana kwa lolote," akasema Waziri kwa fahari, "kwa hiyo haina cha kuificha serikali." Kamati ikasimama ikapiga makofi. Wale wawili walikuwa palepale mstari wa mbele, wamepeana mgongo, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho.

*

Ndani ya karandinga sasa walikuwa watatu kwenye benchi moja, Kocha katikati. Kanali alikaa mbele na dereva, na nyuma ya kichwa chake palikuwa na kidirisha cha wavu ili asikie vizuri. Mkomwa aliegemea bati, magoti yamevimba, anahema kwa shida. 

"Mjomba," Hatibu akasema. "Pole. Tumekuaibisha."

Kocha Pazi akamshika bega, akaona jinsi lilivyobaki mfupa. "Usiseme hivyo, mwanangu. Ulinielewa. Yaliyotokea yametokea, lakini ulinielewa, na mimi hilo litanitosha."

"Nilikuelewa nini, Mjomba?"

"Pale mwanzo. Nilipokutazama."

Hatibu akageuza uso kule inakotoka sauti, akaukunja vile vile alivyoukunja uwanjani. "Kumbe ulikuwa wewe? Niliona kivuli cha turubai tu. Mle ndani hawazimi taa, Mjomba, mchana na usiku ni taa usoni. Macho yamekwisha. Nilisimama pale najaribu kutambua kama kuna mtu ninayemjua."

Kocha akamgeukia Mkomwa.

"Mimi ni macho hayo hayo, na magoti juu yake, mwalimu," Mkomwa akasema. "Nilikuwa namfuata Hatibu kwa kusikia miguu yake. Akienda upande, naenda. Nikifika, nimechelewa."

"Lakini tulijitahidi," Hatibu akasema. "Mjomba, nakuapia, tulicheza kwa nguvu zetu zote. Asubuhi tuliambiwa tukicheza vizuri tunarudi nyumbani."

Kocha Pazi akarukia kidirisha, akaugonga wavu kwa viganja. "Afande! Umesikia? Hawakuona kitu! Hawakuelewana, hawakunielewa, hakuna aliyemwelewa mtu! Wasikilize wenyewe wanavyosema!"

Kanali hakugeuka. "Nasikia, Kocha. Nasikia vizuri sana. Lakini watu wanaoweza kuelewana bila kusema, nikiwasikia wanasema, najua wananidanganya."

Gari likaingia shimoni likatoka. Kocha akarudi kwenye benchi taratibu, akishika ukuta kama mgonjwa.

"Mjomba," Hatibu akauliza, "kwani pale ulikuwa unaniambia nini?"

 Kocha Pazi angemwambiaje kijana aliyekuwa anapigania kurudi kwa mama yake kwamba mjomba wake, muda ule ule, alikuwa anamwombea ashindwe, tena akilia kwa furaha kila alipoanguka? Akautafuta mkono wa mpwa wake, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Nilikuwa nakwambia," akasema, "kwamba ucheze vizuri."